Mjengo wangu Buswelu, Mwanza: tumefika kwenye lenta

Zege la lenta, ule mkanda unaopita juu ya milango na madirisha, limemwagwa Jumamosi. Tangu hapo nina kazi moja: kumwagilia asubuhi kabla sijaenda kazini na jioni nikirudi. Fundi anataka siku 7 zisizorukwa. Juu linaonekana limekauka siku ya pili tu, lakini ndani linaendelea kukomaa, na nguvu yake wataalamu huipima likifikisha siku 28. Bomba halijapanda hadi huku kwetu, kwa hiyo maji ni ya madumu, na kijana wa bodaboda anayeyaleta ameanza kuniita "mama mjengo". Nina miaka 28 na sina mtoto, lakini jina limeshakaa.

Kwa anayesoma kumbukumbu hizi kwa mara ya kwanza: ni nyumba ya vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani. Nimeiweka nyuma ya kiwanja. Mbele nimeacha nafasi ya nyumba kubwa, ije lini Mungu anajua. Baba mdogo hakupenda. "Mwanangu, anza na kubwa, utaimaliza taratibu." Nilimwambia tutoke Nyamhongolo twende hadi Kisesa tuangalie pembeni ya barabara: maboma ya vyumba vinne, vitano, yamesimama miaka na miaka, mpapai umeota sebuleni na mwenyewe bado anapanga mjini. Kodi ninayolipa inadaiwa miezi sita kwa mkupuo, na kila ikifika nafanya hesabu ya mifuko ya saruji niliyompa mwenye nyumba. Ndiyo maana nataka kidogo kinachokalika. Baba mdogo hajakubali, ila alichangia nondo.

Sasa mawe, maana ndiyo yamekula sehemu kubwa ya muda na pesa. Kiwanja nilikipata kwa bei ya chini kwa sababu kiko mteremkoni na katikati kilikuwa na jiwe kubwa lililowatia hofu wanunuzi walionitangulia. Mtu wa Mwanza haogopi jiwe, mji mzima umejengwa juu yake na katikati yake. Nikamtafuta mzee mmoja anayepasua mawe. Alifika na vijana wawili, wakapanga magogo juu ya jiwe, wakawasha moto wakauacha uwake mchana kutwa. Jioni lilianza kulia: mlio mkavu, kisha kimya, kisha mwingine. Mzee akawa anagonga kwa nyundo ndogo huku amelaza sikio, anahama, anagonga tena. Aliposikia sauti imebadilika akaweka alama kwa mkaa, na vijana wakashuka na nyundo kubwa na mtaimbo palepale. Likatoka pande lenye uso ulionyooka, huwezi kuamini halikukatwa kwa mashine. Mawe yote ya msingi yametoka humo kiwanjani, sikununua hata tripu moja, na vipande vidogo vimepondwa kokoto.

Lakini mteremko nao una deni lake. Upande wa juu msingi umekaa chini tu. Upande wa bondeni umepanda mpaka kifuani kwangu ndipo ukalingana. Humo katikati ni kifusi, kushindilia, kifusi tena. Nilichopunguziwa kwenye bei ya kiwanja kimerudi chote hapo, na nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Faida yake ni kwamba mvua za masika zimepita na maji hayakusimama popote, na ukipanda juu ya jukwaa la fundi unakiona kipande cha ziwa.

Kuhusu karatasi, nimeulizwa sana, hasa na mabinti wenzangu. Ardhi ya Tanzania yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Tunachopewa ni haki ya kuitumia kwa miaka kadhaa, na hati inaweza kufika hadi miaka 99. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, wakili wangu alipekua kwa msajili wa hati kuona jina lililoko na kama kuna mkopo juu yake. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi mzuri, lakini mwenyekiti si msajili wa hati. Jambo hilo watu hawapendi kulisikia.

Muuzaji, mzee wa heshima zake, alinipokea vizuri, nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akauliza, "Mumeo yuko wapi, tuongee naye?"

"Mnunuzi ni mimi, mzee. Mama yuko wapi, naye atie sahihi?"

Alicheka, lakini alimleta. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Hiki kilikuwa kiwanja kitupu, ila wakili hakutaka kesi ya kubishania hilo. Na ikawa yule mama ndiye aliyesoma mkataba mstari kwa mstari, akataka tarehe ya malipo ya mwisho iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Nilimpenda papo hapo.

Tofali tumefyatua wenyewe palepale, za inchi 6, mfuko mmoja kwa tofali 30. Sitaki kusikia tofali za barabarani za bei rahisi. Nyingine ukiziweka chini kwa nguvu zinabaki mchanga.

Zinazofuata ni kozi tatu, yaani mistari mitatu ya tofali, juu ya lenta, halafu kupaua. Bati nitachukua geji 28. Namba ndogo ndiyo bati nene, wasikuchanganye dukani kwamba 30 ni kubwa hivyo ni bora. Huku mlimani upepo wa ziwa hauna mzaha, ndiyo maana tumeacha nondo zimechomoza kwenye lenta ili zifungie mbao. Nikishapata bati, mlango wa mbele, wa nyuma na choo, nahamia kabla kodi haijadaiwa tena. Plasta na dari vitanikuta ndani. Fundi anasema ana mtu wake wa kupaua. Nimemwambia kwanza anipeleke nikaone paa mbili alizozipaua, na ziwe zimeshanyeshewa.