Mdudu na nyota kwenye karatasi moja

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii ni Zaburi ya 147 ila naomba mnivumilie nianzie Japani, kwa mama mmoja msanii anaitwa Yayoi Kusama. Wengi mmeshaziona kazi zake hata kama jina hamlijui, yale maboga makubwa ya njano yenye madoa meusi ni yake. Mimi maboga nayaacha leo, kilichonishika ni kazi zake ndogo za karatasi, kolaji, yaani anakata picha za magazeti na vitabu, anabandika kwa gundi alafu anachora na kupaka rangi kuzunguka kile alichobandika. Humo utakuta ndege, wadudu, maua, majani, na pembeni yake vidoa vidoa alivyoweka kwa mkono kimoja kimoja, ukisogeza macho karibu unashindwa kujua hizi ni nyota au ni mayai ya mdudu au ni mbegu tu zimemwagika.

Na mbegu sio bahati mbaya. Huyu mama kazaliwa 1929 Matsumoto, mji uliozungukwa na milima, na familia yao walikuwa wafanyabiashara wa mbegu na miche, kwahiyo kakulia katikati ya maua. Alipokuwa na miaka kama kumi akaanza kuona na kusikia vitu ambavyo wenzake hawavioni, maua yanaongea naye, siku moja kaangalia kitambaa cha meza chenye maua mekundu, akiinua macho yale maua yako darini, yako ukutani, yako mpaka mwilini kwake. Mtoto kaogopa kweli. Dawa yake ikawa ni kuchora kile anachokiona, na kuna picha ya penseli ya mwaka 1939 kamchora mama yake na vidoa vimemjaa uso mzima. Mama mwenyewe wala hakutaka binti yake awe mchoraji.

1957 akaenda Marekani, akahamia New York, akapata jina lakini akateseka sana pia. Huko alikuwa na rafiki, Joseph Cornell, mzee aliyemzidi miaka 26, naye msanii wa kukata na kubandika, akiishi na mama yake na mdogo wake mgonjwa, na huyu mzee alikuwa anampa vipande vya picha alivyovikata kwenye magazeti. Cornell akafariki mwishoni mwa 1972. Kusama akarudi Japani 1973 akiwa anaumwa, mwaka uliofuata baba yake naye akafariki. Sasa ndio hapo, katikati ya misiba miwili na ugonjwa, anakaa chini na vile vipande vya marehemu Cornell anaanza kubandika hizo kolaji za ndege na wadudu na anga. Moja ya 1975 jina lake linasema roho inarudi nyumbani kwake. Mimi nikifikiria hiyo mikono na mkasi nanyamaza kidogo.

Sasa fungueni Zaburi 147 mstari wa 3 na wa 4. "Huwaponya waliopondeka moyo, na kuziganga jeraha zao. Huihesabu idadi ya nyota, huzipa zote majina." Mmeona ilivyokaa? Hakuna hata sentensi moja katikati, kidonda cha mtu alafu hapo hapo nyota. Sisi tungeandika tungeweka sura mbili tofauti, moja ya faraja moja ya uumbaji, mtunga zaburi kabandika pamoja, na ukishuka mpaka mstari wa 9 unakuta makinda ya kunguru yanalia njaa na Mungu anayalisha. Kunguru jamani, ndege tunayemfukuza kwa mawe!

Ila kuna sehemu mimi na Mama Kusama tunaachana na nisiposema nitakuwa nawadanganya. Yeye anasema dunia yetu ni kidoa kimoja tu kati ya nyota mamilioni, na kwenye kazi zake anataka ule umimi wake ufutike, apotelee ndani ya ulimwengu wote. Nusu ya kwanza nakubali kabisa, hata Daudi kwenye Zaburi 8 kaangalia mwezi na nyota akauliza mtu ni kitu gani hata umkumbuke. Lakini kupotea hapana, nyota zinahesabiwa na kila moja ina jina lake, kama nyota ambayo haina hata machozi imepewa jina basi wewe unayelia usiku hujachanganywa kwenye lundo.

Jambo lingine ambalo naona tunalikwepa kidogo makanisani mwetu lakini leo sitalikwepa. Tangu 1977 huyu mama anaishi hospitali ya magonjwa ya akili Tokyo, kaenda kwa hiari yake mwenyewe, studio yake iko karibu, anaenda anafanya kazi anarudi kulala hospitali, miaka na miaka. Kwetu mtu akianza kusikia sauti kitu cha kwanza ni pepo, anafungiwa ndani anafungishwa siku tatu bila kula, dawa za kliniki zinatupwa eti hana imani, na nimeona ndugu wakiharibikiwa hivyo. Maombi tuombe, usiku kucha ikibidi, ila anayeziganga jeraha ndiye aliyempa daktari akili, tusimpangie Mungu njia.

Kwa wiki hii basi tusome Zaburi 147 yote, ni mistari 20 tu. Alhamisi kwenye maombi tutawataja kwa majina wapendwa wetu walioko wodi za akili na wale wanaowauguza nyumbani, kama una jina nitumie inbox usiliweke hapa kwenye grupu. Na wenye nafasi Jumamosi tunaenda kuwatembelea, beba sabuni na matunda, penseli za rangi na karatasi pia wanazihitaji sana.