Programu ya ratiba ya msosi kwa wanamichezo wa chuo: ilipofikia mpaka saivi

Haya, mabadiliko makubwa kuliko yote: kalori nimezitoa skrini ya kwanza na pale nimeweka saa. Ukifungua programu unaona mlo unaofuata ni saa ngapi na umebakiza muda gani, basi, mengine yote yako nyuma huko kwa anayetaka kuyatafuta.

Maana kiukweli mwanachuo anayecheza shida yake mara nyingi siyo kutojua kula, nenda timu yoyote utakuta wanakuhesabia protini kama wamezaliwa nayo, shida ni siku yenyewe imebanwa, vipindi huku, mazoezi kule, tumbo linakuja kukumbukwa saa 3 usiku. Kwa hiyo programu haianzi na chakula. Inaanza na kalenda: unapakia faili la ics (faili la kalenda ambalo programu nyingi husoma) la ratiba ya vipindi mwanzo wa muhula, unaongeza muda wa mazoezi, afu injini, yaani ile sehemu ya programu inayopanga saa za milo, inahesabu kurudi nyuma kutoka mazoezini.

Kanuni zenyewe sijazitunga, nimezitoa kwenye tamko la pamoja la 2016 la ACSM (chuo cha tiba ya michezo cha Marekani) na vyama vya wataalamu wa lishe vya Marekani na Kanada. Kabla ya mazoezi yanayozidi saa nzima wanga gramu 1 mpaka 4 kwa kila kilo ya mwili, uliwe ndani ya saa 1 mpaka 4 kabla. Protini ya siku nzima gramu 1.2 mpaka 2.0 kwa kilo, na ni bora igawanywe kwenye milo kuliko kuilundika usiku. Kwenye karatasi rahisi tu, ila chukua mkimbiaji wa kilo 60 mwenye kipindi cha maabara saa 7 mchana mpaka saa 9:45, na saa 10 kamili jioni kocha anataka watu wawe uwanjani. Mlo wa saa 3 kabla unaangukia saa 7, mlango wa maabara ndo unafungwa. Kitafunio cha saa moja kabla kinaangukia saa 9, katikati ya maabara ambako hata maji huruhusiwi kunywa. Injini ya mwanzo ilikuwa inapendekeza saa hizo hizo bila aibu.

Saivi kila kipindi kina alama ya "naweza kula humu" au "siwezi", na injini ikigonga ukuta inasogeza mlo nyuma badala ya kuufuta. Huyu mkimbiaji mlo mkubwa unaenda saa 6 mchana na wanga gramu 180 hivi, yaani gramu 3 kwa kilo kwa sababu tumbo lina saa 4 za kufanya kazi, afu ile robo saa ya kutoka maabara kwenda uwanjani anaambiwa kitu chepesi cha gramu 30 hivi, ndizi moja ya wastani inatosha kabisa. Kitu cha mafuta mengi au nyuzinyuzi nyingi hapo injini inakikataa, kinakaa tumboni muda mrefu na mtu ataanza kushika ubavu kabla hajamaliza kupasha. Protini nimeiweka gramu 0.3 kwa kilo kwa kila mlo, milo mitano, inakuja gramu 90 kwa siku ambayo ni 1.5 kwa kilo, iko katikati ya kanuni vizuri tu.

Waogeleaji ndo walionipa kazi, alfajiri majini, jioni majini tena. Nafasi ikiwa chini ya saa 8 kati ya mazoezi mawili makali inabidi wanga urudi haraka, gramu 1 mpaka 1.2 kwa kilo kila saa kwa saa 4 za mwanzo, sasa mwambie mtu mwenye vipindi viwili mfululizo asubuhi ale kila saa! Hapo ile alama ya "naweza kula humu" ndo inafanya kazi, na vinywaji vinahesabika kama chakula.

Kuhusu kalori, wapo wanaozitaka na hoja zao nazielewa. Ila hatari kubwa kwa kundi hili ni kula kidogo kuliko mwili unavyotumia. IOC, kamati ya kimataifa ya Olimpiki, walilipa tatizo hilo jina rasmi mwaka 2014, RED-S, yaani upungufu wa nishati michezoni: hedhi inakatika, mifupa inapata nyufa, na wanaume nao hawajasalimika. Kipimo chake ni nishati inayobaki ukishatoa ya mazoezi, igawanywe kwa kilo za mwili bila mafuta: karibu kilokalori 45 kwa siku ni salama, chini ya 30 ni taa nyekundu. Programu inakokotoa hiyo kimyakimya lakini namba anaiona mtaalamu wa lishe wa timu peke yake, tena mwanamichezo akikubali. Kocha haoni. Uzito pia haoni, na hapo sibishani na mtu.

Badala ya namba mchezaji anaona sahani. Siku nyepesi nusu ni mboga na matunda, robo wanga, robo protini. Siku ngumu wanga unachukua nusu na mboga zinabaki robo. Hamna anayebeba mizani kwenda kantini bwana.

Notifikesheni nimezifunga tatu kwa siku na kila moja ina vitufe "nimekula", "sogeza", "ruka". Ukibonyeza sogeza milo ya mbele inajipanga upya yenyewe, hii ilinisumbua kwa sababu muda nahifadhi kwa saa 24 lakini skrini inaonyesha saa za Kiswahili, na saa 6 usiku ilikuwa inapenda kuruka kwenda siku nyingine. Vidonge na poda za kuongeza nguvu sijaweka na siweki, kwenye sheria za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kilichokutwa mwilini ni chako hata kama kopo halikukiandika.

Kilichobaki kigumu ni siku ya mashindano. Mchujo asubuhi, fainali jioni, na hujui kama unafuzu. Ukipanga kama amefuzu na akatolewa umemlisha bure, ukipanga kinyume anaingia fainali mtupu. Kwa sasa injini inachukulia kila mtu amefuzu mpaka abonyeze "nimetoka", na nashukuru mpaka sasa waliojaribu hawajalalamika kwamba wameshiba. Mashindano yanayochelewa bila taarifa ndo sijayagusa bado, nayaanza baada ya kumaliza kusafisha msimbo (code) wa kalenda.