Kumbe shida ilikuwa mguu

Miezi mitatu nahangaika na nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, hapa Kisumu. Nyuzi zote nane nazijua, lakini nikianza kuimba mdundo unakimbia kama bodaboda ya Kondele. Juzi mzee anayenifundisha akachoka. "Kijana, acha nyuzi. Vaa gara, vaa oduong'o, piga mguu tu."

Nusu saa nzima, njuga za gara mguuni, nagonga oduong'o, ile pete ya kidole gumba cha mguu, kwenye mti wa nyatiti, watoto wa jirani wananicheka! Hapo ndipo nikasikia: kila nikifika sehemu ninayoijua vizuri, naharakisha.

Sasa nafungua metronomu ya simu, mapigo 60 kwa dakika. Mguu kwanza, vidole baadaye, sauti mwisho. Jana nilimaliza wimbo mzima bila kuteleza. Karibu mzima, tuseme.