Kubadilisha mtutu wa R8 huku Liwale, kukaza skrubu ni mwanzo tu

Msimu wa uwindaji wa kitalii ukifunguliwa Julai, kambi za huku kwetu Liwale zinaanza kupokea wageni wenye bunduki za Kijerumani zile ambazo bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, unaivuta nyuma na kuisukuma mbele moja kwa moja bila kunyanyua mpini wake, hasa Blaser R8, na wengi wanakuja na mitutu miwili ndani ya boksi moja. Kazi yangu kambini ni silaha, kuzipokea, kuzisafisha, kuzifunga. Naandika hii kwa ajili ya vijana wanaoingia kwenye kazi maana naona wanaonyeshwa alenki, ule ufunguo wa skrubu, tu basi, wakati kukaza ndo sehemu ndogo kuliko zote.

Mitutu miwili kwa nini? Asubuhi mgeni anataka palahala aliyesimama mbali mbugani, hapo .300 Win Mag inamfaa, risasi ya gramu 11 na kitu inayotoka karibu mita 900 kwa sekunde. Mchana mwindaji bingwa anasema kuna nyayo mbichi za nyati zimeingia vichakani, na kwa nyati watu wa porini hawashuki chini ya .375 H&H (Holland & Holland), kaliba ya tangu 1912 na bado inaheshimika, risasi yake ya gramu 19 inaenda taratibu zaidi ila inapenya. Kitako kilekile, triga ileile, mkono wa mgeni umeshaizoea. Mimi naupenda huu mfumo na sifichi.

Inawezekana kwa sababu bolti ya R8 haijifungi kwenye bodi ya bunduki. Pale kichwani ina pete iliyokatwa vidole vidole, ukiisukuma mbele ile pete inatanuka na kung'ang'ania ndani ya mtutu wenyewe, duara zima. Kwa hiyo nguvu ya baruti inabaki kati ya bolti na mtutu. Mauser 98 ya wazee mtutu wake umezungushwa kwa nyuzi kwenye bodi, kuutoa mpaka jiliwa, na ukiurudisha lazima upime upya kama risasi inakaa sawa kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu inapoingia. Kwenye R8 hamna hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Toa magazini, ile sehemu ya kuwekea risasi, kwenye R8 inatoka pamoja na triga kama kipande kimoja, fungua bolti, angalia chemba kwa macho halafu ingiza kidole, kisha mwenzako naye aangalie. Bolti lazima iwe wazi maana ikiwa imefungwa imeushika mtutu na hautoki. Chini ya sehemu ya mbele ya kitako, ile unayoshika chini ya mtutu, kuna skrubu mbili za alenki, zilegeze kwa ile alenki yake yenye mpini wa T, hazidondoki zinabaki humohumo, mtutu unaunyanyua juu.

Hapa ndo nataka mtulie. Barabara ya Nangurukuru mpaka Liwale kiangazi mnaijua, lile vumbi jekundu linaingia hata kwenye boksi lililofungwa, linakaa pale mtutu unapolalia na kwenye vishimo vya skrubu. Chembe moja ya mchanga ikibaki pale, mtutu unakaa umeinuka kidogo sana, kwa macho huoni, lakini mita 100 mbele risasi inaenda kwingine na mgeni anaanza kulaumu darubini. Mimi natumia brashi ya meno kavu, halafu kitambaa cha pamba, halafu napitisha kidole taratibu. Mafuta pale usimwage, mafuta yanakamata vumbi. Laza mtutu, kaza skrubu zote mbili kidogo kidogo kwa kupokezana, malizia kwa nguvu ya mkono tu, mambo ya kutia bomba kwenye alenki kama mnafungua nati za Land Cruiser hapana kabisa.

Kutoka .300 Win Mag kwenda .375 kichwa cha bolti kinabaki kilekile, vitako vya maganda yote mawili vina upana wa milimita 13.5. Ila mgeni akija na mtutu wa .30-06, ganda lake ni milimita 12, hapo kichwa cha bolti kinabadilishwa. Na sehemu ya ndani ya magazini nayo iendane na kaliba, msisahau.

Kuhusu darubini, kila mtutu ukiwa na darubini yake iliyokwisha kuzerowa, yaani imerekebishwa risasi ipige pale unapolenga, inarudi pale pale vizuri sana, kweli. Ila darubini moja ukiihamisha kwenye mtutu mwingine unazero upya. Na hata ile ya kwanza mimi siruhusu gari liondoke kabla mgeni hajapiga kibao cha shabaha. Kabla ya kupiga, futa mafuta ndani ya mtutu na chemba, maana kwa unyevu wa kwetu tunapaka mengi silaha zikilala.

La mwisho ni risasi. Ukifunga mtutu wa .375, risasi za .300 zote zitoke, zile za mkanda, za kizibao, za mfuko wa mfuata nyayo, hata ile moja kwenye dashibodi. Risasi ikilipuka ndani ya chemba isiyo yake ganda linaweza kupasuka na moto ukarudi usoni. Mimi kila kaliba ina mkoba wa rangi yake, na mkoba usiotumika siku hiyo unabaki kambini, nafungia kabatini na ufunguo natembea nao.