Saa nne ya pili

Nyumba ile niliipenda tangu getini. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua limetoka vizuri, na dalali ametangulia huku anazungusha funguo kidoleni kama mwenye mali. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili, rangi mpya, ukifungua bomba maji yanatoka. Mtaa kimya. Upande huu ukuta mrefu, upande ule ukuta mrefu, juu yake fensi ya umeme, mwishoni geti la chuma na kibanda cha mlinzi. Madirisha yote yana nondo, mpaka ya ghorofa ya tatu.

"Hapa pametulia, dada," dalali akasema. "Usiku hata mbwa habweki."

Nilikuwa nimekaa miaka miwili kwenye nyumba ambayo mlango wake ulifungwa kwa kofuli na dua, kwa hiyo kila nondo niliyoiona niliihesabu kuwa baraka. Haikunijia kabisa kujiuliza mtu wa ghorofa ya tatu anamwekea nani nondo dirishani.

Kitu kimoja tu kiliniwasha kidogo. Kwenye fremu ya mlango, usawa wa kitasa, palikuwa na kipande cha mbao kipya, urefu wa kiganja, kimepakwa rangi ileile lakini rangi haijakubali. Ukipitisha kidole unahisi mbao ya zamani inapoishia na mpya inapoanzia. Nikauliza.

"Fundi alibadilisha kitasa," dalali akajibu, na papo hapo akafungua kabati la jikoni anionyeshe lilivyo na nafasi.

Alitaka nitoe chochote cha kuishikilia kabla ya jioni, maana kuna mteja mwingine. Kila dalali ana mteja mwingine. Huyo mteja sijawahi kumwona hata siku moja, na nadhani ndiye mwenye mkosi kuliko watu wote mjini, kila nyumba anaikosa kwa dakika chache. Wakati wa kuondoka nilitaka tukate kupitia barabara ya juu, ambako nilisikia watu na makelele ya chuma kikigongwa. Dalali akanishika kiwiko. "Huko tusipite, wamejaa wahuni." Nikamshukuru.

Nikampigia shangazi kumpa habari njema. Shangazi yangu amehama nyumba nyingi kiasi kwamba akipita mjini anaonyesha madirisha aliyowahi kuyafunga. Alinisikiliza rangi, maji, fensi, mpaka nikamaliza.

"Siku hizi kazini unatoka saa ngapi?"

"Niko zamu ya jioni, shangazi. Mpaka nifike nyumbani ni saa nne."

"Na hiyo nyumba umeiona saa ngapi?"

"Saa nne."

"Ya asubuhi."

Nikanyamaza.

"Basi hujaiona, mwanangu. Nenda kaione kwa saa nne yako."

Ilinikera, maana kichwani nilikuwa nimeshapanga kitanda kitakaa wapi. Nikamwambia dalali nitampa jibu Jumanne. Jumapili yote niliipoteza nikitafuta takwimu za uhalifu kwenye simu, kama alivyonishauri mwenzangu wa kazini. Sikupata cha maana. Nilichojifunza ni kwamba Uingereza wana ramani ya polisi tangu mwaka 2011, mtaa kwa mtaa, na hata huko alama haikai kwenye nyumba yenyewe, inasogezwa mahali pa jirani ili aliyeibiwa asijulikane. Nikawaza pia kwamba barabara isiyopitwa na mtu lazima itaonekana safi kwenye hesabu. Nani ataibiwa hapo? Na aliyeibiwa akaona kwenda kituoni ni kupoteza siku, naye hayumo.

Jumatatu nilipotoka kazini nikashuka kituo cha nyumba ile. Nilikuwa na viatu vya kazi, vile vinavyotangaza kila hatua. Mchana safari ile ilikuwa ya dakika nane. Nilihesabu nguzo za taa nikitembea, kwa sababu kuhesabu kunanituliza: nguzo 14, zinazowaka 5. Lakini taa iliyonitia hofu ilikuwa ile ya mwisho, ya juu ya geti, kali kama ya uwanja wa mpira, imeelekezwa njiani. Kadiri nilivyoisogelea ndivyo nilivyozidi kutoona. Jicho likishapigwa na mwanga wa namna ile, giza la pembeni huwa giza mara mbili, na kulizoea tena huchukua dakika nyingi, penye giza zito hata nusu saa. Hatua nne kutoka nilipokuwa palikuwa na mtu amesimama, mgongo ukutani. Nilijua yupo alipokohoa.

Hakunifanya lolote. Alikuwa anaongea na simu kwa sauti ya chini, pengine na mkewe. Mimi ndiye niliyesimama nikageuka kushoto, nikageuka kulia, natafuta pa kukimbilia nikitaka, nikaona kuta. Toka kituoni hakukuwa na mlango hata mmoja uliotazama njia ile, wala dirisha. Waliomo ndani walikuwa wamejikinga na barabara vizuri sana, na mimi ndiye niliyekuwa barabarani. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba Jane Jacobs, mwandishi wa Marekani, alishalisema hili mwaka 1961, kwamba mtaa hulindwa kwanza na macho ya watu wake, wenye maduka na wakazi wanaochungulia madirishani. Usiku ule nililisoma kwa mgongo, jasho linashuka.

Mlinzi alikuwa mzee mpole. Nikamwamkia, nikamwambia natarajia kuhamia pale, nimekuja kuona tu. Kabla hajajibu simu yake ikalia. Akasikiliza, akasema "Nakuja," akachukua rungu na tochi.

"Nisubiri hapa, binti. Nampokea mtu kona."

Akaenda. Nikabaki chini ya ile taa, peke yangu, geti wazi nyuma yangu, na mlinzi ambaye sote tungekuwa tunamlipa, kama ningehamia, yuko kona. Zilikuwa dakika tatu labda. Nilizisikia zote.

Alirudi na dada wa rika langu, mpangaji wa ghorofa ya kwanza. Anatembea katikati ya barabara, mbali na kuta zote mbili kwa kipimo kilekile, na ufunguo umeshachomoza kati ya vidole.

"Za usiku, dada. Samahani, nataka kupanga hapa. Pakoje?"

"Pazuri tu," akasema. "Maji hayakatiki."

Ningekuwa mimi ningejibu hivyohivyo. Nani atapaponda kwa mgeni mahali anapolala? Nikajaribu kuuliza vingine.

"Siku mzee asipopokea simu, unapita njia gani?"

Hakufikiri hata kidogo. Akanyoosha ule mkono wenye ufunguo kuelekea barabara ya juu. "Nazunguka kule. Mbali, lakini kuna watu." Kisha akaingia, na nikasikia akifunga: komeo, kitasa, kofuli, komeo la pili.

Nikamuuliza mzee kuhusu mlango wa ghorofa ya tatu, ile mbao mpya. Akaiangalia tochi yake kama vile ndiyo iliyoulizwa. "Hilo muulize dalali," akasema. "Mimi nalinda geti."

Basi nikazunguka barabara ya juu, kwa wahuni. Fundi wa kuchomelea alikuwa bado kazini, cheche zinaruka, watoto wawili ambao walipaswa kuwa wamelala wanamtazama kwa kujifunika macho kwa vidole vilivyoachana. Kijiweni vijana wanacheza karata. Mmoja akapiga mluzi, na simtetei. Lakini mwenzake akamwambia "Acha ujinga," bila hata kuinua macho kwenye karata zake. Roshani zilikuwa zimejaa nguo kambani, saa nne na nusu ya usiku, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuzianua. Hapo nilisimama. Kule kwenye fensi ya umeme sikuwa nimeona hata soksi moja nje.

"We dada! Unamtafuta nani?"

Mama mmoja, juu roshanini, mikono kiunoni. Swali lile lilinichoma. Mimi, na viatu vyangu vya kazi, naulizwa kama kibaka? Nikajibu kwa ukali kidogo kwamba simtafuti mtu, natafuta nyumba ya kupanga.

"Saa hizi?"

"Ndiyo saa ninayorudi kazini."

Akanitazama kwa muda, kisha akashusha mikono kiunoni. "Nyumba ya tatu, juu ya fundi cherehani. Wanahama mwisho wa mwezi. Njoo kesho, na uje na huyo atakayekaa na wewe tumwone." Nikasema nitakaa peke yangu. "Basi njoo na mama yako."

Nilikwenda na shangazi. Dalali nilimwambia sitaki, akanijulisha kwamba yule mteja mwingine ameshalipa, nikamtakia heri.

Sijawahi kulala vizuri nyumba ile. Fundi wa kuchomelea alianza saa moja asubuhi kila siku ya Mungu, na yule mama alijua nimerudi saa ngapi, nimerudi na nani na nimebeba nini, akanikumbusha hata ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau. Na kuibiwa niliibiwa. Wiki ya pili, suruali yangu ya kazi ilitoweka kambani mchana kweupe. Nikamweleza mama wa roshani huku najiandaa kumwambia shangazi kwamba ushauri wake umenigharimu.

"Ya rangi gani?" akauliza.

"Nyeusi."

Akafikiri kidogo, akaita jina moja kwa sauti iliyofika mpaka kijiweni. Niliporudi kazini usiku suruali ilikuwa kambani pangu, imefuliwa, bado inachuruzika maji.