Nyatiti kwenye skrini
Jana usiku stima ya hapa Nyalenda, Kisumu, ilinichezea kweli. Nimeunganisha maikrofoni ndogo na ESP32, kale kakompyuta kadogo ka chipu moja: inasoma sauti mara 10,240 kwa sekunde, ikifikisha sampuli 1,024 inazipigia hesabu ya Fourier, inayotenganisha sauti kwa masafa yake, na kuchora nguzo kwenye kiskrini. Kila nguzo inabeba upana wa hezi 10, yaani mitetemo 10 kwa sekunde. Chumba kimya, lakini nguzo ya hezi 50 imesimama tu kama askari wa lango! Nikakagua kodi ya programu mstari kwa mstari mpaka chai ikapoa. Kumbe ni chaja ya simu. Stima yetu Kenya ni hezi 50, na mngurumo wake ulikuwa unapenya kwenye nyaya. Nikahamia pawabanki, nguzo ikalala.

Leo mzee jirani kaja na nyatiti yake, kile kinubi cha Waluo. Nyuzi 8, na kila moja akiigusa inainua nguzo yake pamoja na watoto wake huku juu, mara mbili, mara tatu ya masafa yake. Alipogonga ubao kwa ile pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, skrini nzima ikaruka. Mlio mfupi hivyo hutawanyika kila mahali.

"Sasa hii inajua napiga wimbo gani?"

"Hapana, mzee. Inahesabu tu."

Akacheka, akaendelea kupiga.