Anza na kata ya kwenu: kwa mhariri mpya wa Wikipedia ya Kiswahili

Wengi wanaojiunga na Wikipedia ya Kiswahili hukimbilia kuanzisha makala mpya, na mara nyingi makala hiyo huwa juu ya msanii rafiki yao au juu yao wenyewe. Hakuna gazeti wala kitabu kilichowahi kumwandika mtu huyo, kwa hiyo makala inafutwa, na mhariri harudi tena. Afadhali uanzie pengine. Tafuta makala ya kata unayoijua vizuri, uone ilivyo.

Makala za kata za Tanzania ziko tele, na nyingi ni mistari mitatu tu. Zipo ambazo bado zina idadi ya wakazi ya sensa ya 2012, ilhali nchi ilihesabiwa tena Agosti 2022. Kuisahihisha moja ni kazi ya robo saa, na humo mna karibu yote unayohitaji kujifunza.

Fungua akaunti, hiyohiyo itatumika pia Wikimedia Commons, kunakohifadhiwa picha. Kisha bofya "Hariri chanzo". Alama zisikutishe. Mabano ya mraba mawilimawili, [[Mkoa wa Songwe]], ni kiungo. Apostrofi tatu kila upande, '''Vwawa''', hukoleza herufi. Kilichomo kati ya <ref> na </ref> huteremka chini kikawa tanbihi. Ukisahau ule mkwaju (/) wa kufungia, tanbihi inaharibika na maandishi yanayoifuata yanaweza kuvurugika nayo, kwa hiyo tazama hakikisho, yaani ukurasa utakavyoonekana, kila mara kabla ya kuhifadhi.

Sasa idadi yenyewe. Kosa la kawaida ni kubadilisha tarakimu na kuacha tanbihi ya zamani. Msomaji anaona hesabu ya 2022, anafungua chanzo, anakuta jedwali la 2012 ambalo halina hesabu hiyo. Tarakimu, mwaka na tanbihi vihame pamoja, na kama kuna sanduku la maelezo pembeni, libadilishe nalo. Ukiwa hapo, ondoa neno "wapatao". Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima. Ukishaandika tarakimu hadi ya mwisho, "wapatao" ya nini?

Chunga na mipaka. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo ukiitafuta Vwawa katika majedwali ya 2012 utaikuta chini ya Mbeya. Kata nazo hugawanywa. Ukiona wakazi wamepungua nusu kati ya sensa mbili, usiandike kwamba watu wamehama. Angalia kwanza kama kuna kata mpya iliyozaliwa jirani.

Kabla ya kuhifadhi, jaza muhtasari: "idadi ya wakazi, sensa 2022". Maneno hayo machache yanatosha. Mhariri asiyejaza muhtasari hutiliwa shaka hata kama alichofanya ni sahihi.

Ukishazoea, ingia kwenye maandishi yenyewe. Mtu akiandika "Kilwa Kisiwani ni mahali pazuri sana penye historia ndefu ya kujivunia", hajamwambia msomaji kitu. Andika hivi: "'''Kilwa Kisiwani''' ni kisiwa cha [[Mkoa wa Lindi]], kusini mwa pwani ya [[Tanzania]]. Magofu yake, pamoja na yale ya [[Songo Mnara]], yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981." Sifa zimeondoka, na kila kilichobaki kinaweza kuthibitishwa. Ziara ya Ibn Battuta ya mwaka 1331 ina nafasi yake, ila na tanbihi yake.

Tafsiri ya mashine ndiyo inayotuchosha kuliko yote. Mashine hukupa "benki ya mto" pale panapotakiwa ukingo, na "mmea wa umeme" pale panapotakiwa kituo cha kuzalisha umeme. Ngeli nazo huparaganyika. Itumie kama rasimu ukipenda, lakini isome kwa sauti. Sentensi isiyotamkika iandike upya, usiibandike viraka. Taja pia katika muhtasari makala uliyotafsiri, maana leseni inataka waandishi wa kwanza watambuliwe.

Gazeti ni chanzo cha habari, si cha sentensi. Habari ichukue, maneno yawe yako. Picha vilevile: ya soko uliyoipiga kwa simu yako inafaa, ya mheshimiwa uliyoitoa Facebook itafutwa.

Kazi yako ikitenguliwa, fungua historia ya ukurasa usome sababu. Hakuna kilichopotea, kila toleo limo humo. Usirudishe papo hapo, maana mtatenguana mpaka usiku. Nenda ukurasa wa majadiliano, eleza kwa ufupi na uweke chanzo chako mezani, kisha malizia na viwimbi vinne, ~~~~, vinavyogeuka kuwa jina lako na tarehe. Wahariri wa kila siku ni wachache, kwa hiyo jibu laweza kuchukua siku kadhaa. Likikawia mno, mwandikie mkabidhi mmoja, yaani mhariri mwenye mamlaka ya usimamizi, kwenye ukurasa wake wa majadiliano, na umwekee kiungo cha mabadiliko yenyewe ili asihangaike kuyatafuta.